Hugh Tracey na Nyaraka za Muziki wa Tanganyika

Kidatu ni mahali pa kubadilishia mizigo. Msafiri atokaye Mikumi kwenda Ifakara hupita kando ya mashamba ya miwa, akavuka mto Ruaha Mkuu, akaingia katika mji huu uliokaa chini ya milima ya Udzungwa. Na hapo ndipo reli mbili za nchi yetu zinapokutana bila kuungana. Tawi la Reli ya Kati, litokalo Kilosa kwa njia ya Mikumi, lina upana wa mita moja kamili kati ya chuma na chuma. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China, ina upana wa milimita 1,067. Tofauti yake haifiki upana wa vidole vinne, lakini imetosha kuyazuia mabehewa ya reli moja yasikanyage reli ya pili, na kwa ajili hiyo kilifunguliwa pale, mwaka 1998, kituo cha kuhamishia shehena. Upana huo wa TAZARA ndio upana wa reli za Zambia, za Zimbabwe na za Afrika Kusini.

Nimeanza na habari hii ya chuma kwa sababu nataka kueleza juu ya mzigo wa namna nyingine, usiopimwa kwa tani, ambao uliondoka nchini mwaka 1950 kuelekea kusini. Mzigo huo ulikuwa ni sauti za watu. Ulichukuliwa na Mwingereza aitwaye Hugh Tracey, aliyepita Tanganyika akiwa na gari lililosheheni mitambo ya kunasia sauti, akakusanya nyimbo na milio ya ala, na pamoja na sauti hizo akajaza kadi zenye majina ya waimbaji, lugha zao, vijiji vyao na habari za nyimbo zenyewe. Sauti na kadi hizo zimehifadhiwa mpaka leo katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes katika mji ambao hapo zamani uliitwa Grahamstown na tangu mwaka 2018 unaitwa Makhanda. Mtu atakaye kuandika historia ya muziki wa Tanzania katikati ya karne ya ishirini hana budi kuzijua nyaraka hizo, na kumjua pia mtu aliyezikusanya, kwa kuwa namna alivyoishi ndiyo iliyoamua alichokisikia na alichokiacha.

Hugh Tracey alizaliwa mwaka 1903 katika jimbo la Devon, kusini-magharibi ya Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, kabla hajatimiza umri wa miaka ishirini, alikwenda Rhodesia ya Kusini kumsaidia kaka yake katika shamba la tumbaku. Hakwenda kama mtaalamu. Alikwenda kama mlowezi miongoni mwa walowezi, katika ardhi ambayo wenyewe walikuwa wameondolewa kwa nguvu, na jambo hilo halifai kusahauliwa hata tunapomsifu. Tofauti yake na majirani zake ilikuwa moja: alisikiliza. Vibarua wa Kikaranga waliokuwa wakifanya kazi naye shambani waliimba, naye akajifunza lugha yao ili aelewe wanachokiimba, kisha akajifunza na nyimbo zenyewe. Wazungu wa wakati huo walizihesabu nyimbo hizo kuwa ni makelele. Wamisionari wengi walizihesabu kuwa ni dhambi. Kijana huyu alizihesabu kuwa ni muziki, na neno hilo moja likawa ndilo kazi ya maisha yake yote.

Mwaka 1929 aliwachukua vijana wa Kikaranga hadi Johannesburg, ambako kampuni ya Columbia ilikuwa na mtambo wa kurekodia, na nyimbo zao zikatiwa katika santuri. Miaka miwili baadaye alikuwa London, ambako watunzi mashuhuri wa Kiingereza, Gustav Holst na Ralph Vaughan Williams, walimtia moyo aendelee. Alipata fedha za shirika la Carnegie kwa ajili ya utafiti wa muziki katika Rhodesia, kisha fedha zikaisha, na kama ilivyo ada ya watu wa sanaa mahali popote, akalazimika kutafuta ajira. Akawa mtangazaji wa redio Afrika Kusini, kwa miaka mingi akiwa Durban, mpaka mwaka 1947.

Kutoka Durban ndipo alipofanya kazi ambayo mimi naiona kuwa bora kuliko zote alizoziandika. Alikwenda Zavala, kusini mwa Msumbiji, kwa Wachopi, ambao wana vikundi vikubwa vya marimba ziitwazo timbila. Kitabu chake juu yao, *Chopi Musicians*, kilitoka mwaka 1948. Mpaka wakati huo waandishi wa Kizungu walizoea kuandika juu ya muziki wa Waafrika kana kwamba hutungwa na kabila zima kwa pamoja, kama vile chungu cha mchwa kinavyojengwa. Tracey aliwataja watunzi kwa majina. Aliandika kwamba mtunzi Katini alitunga wimbo huu, na Gomukomu akatunga ule. Akaeleza jinsi mtunzi anavyoyapanga maneno kwanza, kisha sauti, kisha wachezaji wakaongeza hatua zao. Akaonyesha kwamba ndani ya nyimbo hizo watu walimlalamikia mtoza kodi na kuwasema wakubwa waliodhulumu. Mwaka 2005 timbila ya Wachopi ilitangazwa na UNESCO kuwa miongoni mwa sanaa kuu za urithi wa binadamu. Miaka hamsini na saba kabla ya tangazo hilo, mtu mmoja alikuwa amekwisha kuandika majina.

Katika mwaka 1947 Tracey alishiriki kuanzisha Chama cha Muziki wa Afrika. Katika miaka iliyofuata alianza safari ndefu kwa gari, akisaidiwa na kampuni ya santuri ya Gallo ya Johannesburg, na safari moja kati ya hizo ndiyo iliyomleta Afrika ya Mashariki mwaka 1950. Taarifa fupi ya safari ya Tanganyika ilichapishwa mwaka 1952 katika jarida la *Tanganyika Notes and Records*.

Wakati huo Tanganyika haikuwa na redio yake. Kituo cha Dar es Salaam kilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Kwa hiyo sauti zilizonaswa mwaka 1950 ni sauti za watu ambao, isipokuwa wale waliokuwa karibu na gramafoni za mijini, walijifunza nyimbo zao kwa masikio, kutoka kinywa hata kinywa. Tracey alirekodi Wagogo na ilimba zao, alirekodi nanga za Wahaya, alirekodi Wahehe, Wanyamwezi, Wazaramo na wengineo, na alirekodi pia bendi za dansi za mjini. Tukumbuke kwamba hakuwa wa kwanza. Zama za Wajerumani zilikwisha kupeleka Berlin mitungi ya nta yenye sauti za watu wa nchi hii, na mwaka 1909 mtaalamu Erich von Hornbostel alichapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi, ingawa yeye mwenyewe hakufika Unyamwezi. Lakini mtungi wa nta ulitoa sauti ya mbali, yenye mkwaruzo, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto wakati wa mvua. Sauti za mwaka 1950 ziko karibu. Mtu hutambua pumzi ya mwimbaji kabla hajaanza.

Sababu ya ukaribu huo ni namna Tracey alivyofanya kazi. Hakukiweka kipaza sauti juu ya mlingoti na kukiacha. Alikishika mkononi, akasimama katikati ya wachezaji, akakisogeza kwa kiongozi anapoanza, akakipeleka kwa waitikiaji, akakiinamisha kwenye ngoma, akakirudisha tena. Jenereta iliyompa umeme iliwekwa mbali kwa waya mrefu ili ngurumo yake isiingie. Kwa namna hiyo mkono wake ulikuwa kama sikio la mtu aliyesimama uwanjani. Wapo wataalamu wa baadaye waliomlaumu kwa hilo, wakasema kwamba alichagua kwa niaba yetu kipi kisikike. Lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, atakayezisikiliza sauti zenyewe atakiri kwamba mkono ule ulijua muziki.

Hakuridhika na kunasa tu. Alitaka kujua ala imepangwaje sauti zake. Alisafiri na vyuma 54 vya kupimia sauti, vyenye umbo la uma, kila kimoja kikiwa na idadi yake ya mitetemo kwa sekunde, kuanzia 212 hadi 424, kila chuma kikizidi kilichotangulia kwa mitetemo minne. Alikilinganisha kila chuma na kila ubao wa marimba au kila ulimi wa mbira mpaka akapata uliolingana, akaandika. Kwa vipimo hivyo alionyesha kwamba mafundi wa Kiafrika hupanga sauti zao kwa kanuni, na kwamba kanuni hizo si zile za kinanda cha kanisani. Yeyote aliyewahi kumsikia mwalimu wa kwaya akimwambia mzee wa kijijini kwamba zeze lake "limetoka nje ya sauti" ataona thamani ya vipimo hivyo.

Hapa hatuna budi kusema juu ya kasoro, maana nyaraka zikitukuzwa bila kupimwa hupotosha.

Kasoro ya kwanza ni ya muda. Santuri ya zama hizo ilichukua dakika tatu au zaidi kidogo kwa upande mmoja, na nyimbo nyingi zilirekodiwa zikiwa zimekatwa kwa kipimo hicho. Ngoma ya kwetu huanza jua likichwea, kwa mdundo wa kuwaita watu. Huchelewa kupata moto. Wakubwa hukaa pembeni wakitazama mpaka usiku uingie, na wimbo ambao mwanzoni ulikuwa na beti mbili hupata ya tatu na ya nne kwa sababu ya jambo lililotokea palepale uwanjani, labda mtu aliyechelewa kufika, labda deni ambalo kila mmoja analijua. Dakika tatu hazina nafasi ya deni hilo.

Ya pili ni ya mahali na wakati. Mkusanyaji aliyepita kwa siku chache alitegemea ofisi ya Bwana Wilaya na watemi ili watu wakusanywe. Watu walikuja kwa kuitwa. Kwa hiyo wimbo wa mavuno uliimbwa pasipo mavuno, na wimbo wa msiba ukaimbwa pasipo maiti. Mwimbaji anayeimba mbele ya mgeni, mkubwa wake akiwa amekaa kitini, huchagua maneno. Nyimbo za kumsema mtemi hazikosi kuwako katika nchi yoyote. Lakini hatutegemei kuzikuta nyingi katika mkusanyiko uliofanywa barazani kwa mtemi.

Na iko kasoro ya tatu, iliyo ngumu zaidi kuisema kwa sababu imechanganyika na wema wake. Tracey aliupenda muziki wa Afrika kama mtu apendaye kitu anachohofu kwamba kitakufa. Aliuona mji kuwa ni adui yake. Gitaa, akodiani, kwaya za shule na dansi za klabu alizitilia shaka, na katika maandishi yake mara nyingi huzisema kama uigaji duni. Aliwagawa watu kwa makabila kama serikali ya kikoloni ilivyowagawa. Lakini masikio yake yalikuwa ya kweli kuliko nadharia yake. Mwaka 1952, huko Jadotville katika Kongo, alimkuta kijana Mwenda Jean Bosco akipiga gitaa, akamrekodi, na wimbo wake *Masanga* ukapewa tuzo ya Chama cha Muziki wa Afrika kwa mwaka huo. Kadhalika hakuzipita bendi za Dar es Salaam. Mtu mmoja alikuwa na mawazo ya mlowezi na masikio ya mwanamuziki, na tukitaka kuzitumia nyaraka zake yatubidi kuvikumbuka vyote viwili.

Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika huko Roodepoort, karibu na Johannesburg, na mwaka huohuo likaanza kutoka jarida la *African Music*. Fedha zilitoka kwa shirika la Nuffield na kwa makampuni ya migodi ya dhahabu. Hawa wa pili hawakutoa kwa mapenzi ya utamaduni peke yake. Wafanyakazi wao walitoka nchi nyingi, wakikaa kambini mbali na wake zao, na ngoma za Jumapili zilikuwa njia ya kuwatuliza. Vijana wa kusini mwa Tanganyika, hasa Wanyakyusa, walikuwa miongoni mwa waliokwenda kuchimba dhahabu hiyo. Kwa hiyo muziki wa nchi yetu ulifika Rand kwa njia mbili: ndani ya santuri, na ndani ya vifua vya wachimbaji. Waimbaji waliorekodiwa vijijini walipewa posho ndogo siku ile, na uhusiano ukaishia hapo. Santuri ziliendelea na safari.

Kutokana na safari hizo ulitoka mfululizo wa santuri 210 ulioitwa *Sound of Africa*, na mwaka 1973 ikachapishwa orodha yake kamili katika vitabu viwili. Orodha hiyo imetokana na zile kadi. Naomba msomaji asizidharau kadi. Kila moja ina jina la wimbo, waimbaji, ala, lugha, mahali, tarehe, aina ya wimbo, na maelezo mafupi juu ya maana yake. Majina ya watu wetu yameandikwa kama sikio la Mwingereza lilivyoyapokea. "Bin" na baba wa mtu husimama pale ambapo sisi tungeuliza ukoo na kijiji cha mama. Tafsiri za maneno ni fupi, na zamani nyingine zimepotoka. Lakini jina liko. Mamia ya watu wa kawaida, wakulima na wafugaji ambao hakuna gazeti lililowataja, wameandikwa mahali fulani kuwa ni wanamuziki, pamoja na siku waliyoimba. Sijui waraka mwingine wa ukoloni uliowaandika wakulima kwa ajili ya walichokitunga. Nyaraka nyingine ziliwaandika kwa ajili ya kodi, au kwa ajili ya kesi.

Tanganyika ilipata Uhuru mwaka 1961, na mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akieleza masikitiko yake kwamba waliosoma walifundishwa nyimbo na dansi za Kizungu wasijue ngoma za kwao. Hapo ndipo mzigo wetu ulipokwama. Taifa lililokuwa likiutafuta muziki wake lilikuwa pia taifa lililovunja uhusiano na makaburu. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikaa Dar es Salaam tangu mwaka 1963. Hati ya kusafiria ya Mtanzania haikumfikisha Johannesburg, wala haikufaa imfikishe. Tracey alifariki mwaka 1977. Mwaka 1978 maktaba yake, chini ya mwanawe Andrew Tracey, ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes. Na katika miaka hiyohiyo vijana waliokimbia Afrika Kusini baada ya mauaji ya Soweto walikuwa wakipokelewa Mazimbu, katika mkoa wetu wa Morogoro, ambako chama cha ANC kilijenga Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu na kukitumia mpaka mwaka 1992. Watu wa kusini waliimba nyimbo zao za ukombozi Morogoro, ilhali sauti za babu zetu zilikuwa zimefungiwa katika makabati ya nchi ambayo watu hao waliikimbia. Sioni kwamba serikali yetu ilikosea kufunga mlango. Nasema tu kwamba mlango ulipofungwa, kulikuwa na kitu chetu ndani.

Kazi haikusimama kwa sababu hiyo. Padre Stephen Mbunga wa kusini mwa nchi alikwisha kutunga *Misa Baba Yetu* mwaka 1959, na mwaka 1963 akachapisha kitabu kizito juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, akiwajibu kwa hati za Kanisa lenyewe wale waliosema kwamba ngoma haina nafasi mbele ya altare. Yeye alikuwa na kitu ambacho Tracey hakuwa nacho: alizaliwa ndani ya muziki anaouandika. Redio Tanzania iliwatuma mafundi wake mikoani kurekodi ngoma na kwaya. Chuo cha Sanaa kilifunguliwa Bagamoyo mwaka 1981, na kwa Hukwe Zawose ilimba ya Wagogo, ileile ambayo mwaka 1950 ilichukuliwa kama sampuli, ilipanda majukwaa ya dunia mikononi mwa mwenyewe.

Nirudi sasa katika bonde letu. Mwaka 1935 A. T. Culwick, aliyekuwa ofisa wa serikali, na mkewe G. M. Culwick walichapisha kitabu juu ya Wabena wa mabondeni, wakisaidiwa na masimulizi ya Mtema Towegale Kiwanga. Ni kitabu cha manufaa kwa historia ya utawala wa bonde la Kilombero. Lakini kitabu hakitoi sauti, na sauti za bonde hili ni nyingi. Wapogoro, Wandamba na Wambunga wana ngoma zao, na sangula inajulikana mbali nje ya mipaka ya Ulanga na Kilombero. Kiwanda cha sukari kilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na baadaye bwawa la umeme la Kidatu lilipojengwa na kuanza kazi mwaka 1975, walikuja vibarua kutoka karibu kila mkoa, kila mmoja na ngoma yake. Katika kambi za wakata miwa, Mngoni na Mmakonde na Mhehe walisikilizana Jumamosi usiku kwa kutaka na kwa kutotaka. Muziki uliozaliwa pale ndio ambao nadharia ya Tracey ingeuita mchanganyiko usiofaa kurekodiwa, na mimi nauona kuwa ni historia halisi ya taifa hili: watu waliolazimika kuitikia wimbo wasioujua mpaka wakaujua.

Kazi zinapobadilika, nyimbo zake hufuata. Mto Kilombero, karibu na Ifakara, ulivukwa kwa mitumbwi na baadaye kwa kivuko. Mwaka 2018 lilifunguliwa daraja refu la saruji, na watu wakashukuru, maana kivuko kilikwisha kuua. Hakuna mtu mwenye akili atakayelilia kivuko. Lakini mpiga kafi alikuwa na wimbo wa kulinganisha mikono ya wenziwe, na juu ya daraja hakuna mikono ya kulinganisha. Aliyekuwa kijana wa miaka ishirini mwaka 1950 sasa yuko katika miaka tisini na zaidi, kama yuko.

Mwaka 1969 Tracey, pamoja na mwanawe Andrew na Mwaustria Gerhard Kubik, walitoa kijitabu cha mashauri kwa watafiti. Mpango wake ulikuwa kwamba muziki wa bara zima ukusanywe kwa utaratibu mmoja ili vitungwe vitabu vya shule, watoto wa Kiafrika wafundishwe muziki wao darasani. Mpango huo haukukamilika katika maisha yake. Hata hivyo, mashauri ya namna hiyo hayajachakaa: andika jina la mwimbaji kabla ya jina la wimbo, uliza ala imetengenezwa kwa mti gani, uliza wimbo huimbwa lini na nani haruhusiwi kuuimba. Mwalimu wa shule ya msingi aweza kuyafanya hayo kwa daftari.

Baada ya ubaguzi kuanguka mwaka 1994, na hasa katika karne hii, maktaba ile ilianza kuzigeuza sauti zake kuwa za kidijitali, chini ya mkurugenzi Diane Thram, na kufikiri juu ya wenye sauti. Miongoni mwa rekodi za Kenya za mwaka 1950 umo wimbo wa wasichana wa Kikipsigis uitwao *Chemirocha*, uliolichukua jina la mwimbaji wa Kimarekani Jimmie Rodgers na kulifanya la kwao. Mwaka 2014 na 2015 wajumbe wa maktaba, wakishirikiana na wanamuziki wa Kenya, walizirudisha rekodi hizo vijijini. Walikuta kwamba baadhi ya waliorekodiwa walikuwa bado hai. Wazee walisikiliza sauti zao za ujana, ambazo hawakupata kuzisikia tangu siku ile. Uganda nayo imepokea katika Chuo Kikuu cha Makerere nakala za rekodi za Klaus Wachsmann, msimamizi wa zamani wa jumba la makumbusho la Kampala, alizozifanya kati ya mwaka 1949 na 1954.

Kwa upande wetu kazi kama hiyo yahitaji kwanza kuzisoma kadi upya. Jina lililoandikwa kwa tahajia ya Kiingereza lirudishwe katika umbo lake. Kijiji kilichotajwa mwaka 1950 kitafutwe kilipo, maana vingi vilihama katika operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 na vingine vikapewa majina mapya. Kisha mtu aende huko na chombo kidogo cha kusikilizia, aulize ukoo. Asianze ofisini. Aanze kwa bibi mmoja mwenye kumbukumbu, amsikilizishe wimbo bila kumwambia ni wa nani, na angoje.